Sauti Isiyoitikia Shikamoo

Mosi aliteremka kutoka Kinole, ukungu bado umemng'ang'ania kwenye khanga, akaja Morogoro mjini kumchukua bintiye. Nasra alikuwa ameshafeli kidato cha nne mara mbili, na sasa anataka kurudia tena. Mosi alishasema imetosha. Shamba la mdalasini halina mtihani.

Alimkuta kwenye duka la intaneti la Ignas, yule aliyepunguzwa kazi kiwanda kilipobinafsishwa, akabaki na kompyuta nne na mdomo. Tangu utotoni herufi zilimkimbia Nasra. Akizitazama, zinaogelea kama viluwiluwi kijitoni. Walimu walisema ni uvivu, na fimbo zikaitikia. Ndipo Ignas akampachikia kwenye kompyuta kidude cha bure cha intaneti kinachosoma ukurasa kwa sauti, kila neno likiwaka njano linapotamkwa. Sauti ya Kiswahili haikuwemo, akaweka ya Kiitaliano, maana irabu zao na zetu ni ndugu. Ikawa kama padri mzee aliyesinzia kidogo, akaamka, akaendelea kueleza jinsi jani linavyokula jua.

Mosi alisikia mtu mzima akiongea kama padri wa misheni, mtu mwenyewe hakumwona. Lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, padri."

Padri akaendelea na jani lake.

Mosi akanuna. Akamwambia bintiye afunge mizigo. Hakumlea ili afundishwe na mzee asiyeitikia salamu, tena wa kanisani. Ignas akasema huyo padri hana hata kichwa cha kuvalia kofia, na kazi anafanya bure. Hapo ndipo Mosi alipozidi kuingiwa na shaka. Vya bure alivijua. Huja na mkia.

Nasra hakubisha. Alimwomba mama akae kidogo tu. Akairudisha sentensi, padri akaisoma. Akairudisha tena, na tena. Sauti ikatambaa dukani taratibu, njano ikiifuata, hata Mosi akajiona yuko kwao, amelala chali chini ya migomba, na majani yanakunywa jua juu yake, wala hayana haraka.

"Hachoki huyu?"

"Hachoki, mama. Wala hagombi."

Mosi alizikumbuka zile fimbo. Nyingine zilikuwa zake.

Nasra akavuta kibodi. Akaandika kwa kidole kimoja, akimsikiliza padri. Neno likitoka limepinda, anafuta, anaanza upya. Mvua ya mlimani ikaja, ikachoka, ikaondoka. Hatimaye akabonyeza.

"Marahaba, mama," padri akasema. "Niache nisome."

Ignas akageukia dirishani, utani umemwishia. Mosi alimtazama bintiye, si kompyuta. Akafungua kikapu, akatoa ndizi alizofungasha kwa safari ya watu wawili, akaziacha zote kando ya kibodi.

"Mwambie padri wako," alisema akijifunga khanga ya kurudia mlimani, "siku nyingine aitikie upesi kidogo."