Moyo Uliosikia Vita Kabla ya Masikio

Katika kambi yetu ya wakimbizi ya Lac Vert, redio zilidanganya na simu zilikosa moto wa kuchaji. Basi watu walinitegemea mimi.

Ilianza siku moja nikichambua maharagi. Moyo ukaanza kukimbia kama ndama aliyekata kamba. Nikamwambia jirani yangu Henriette, "Moyo yangu iko nakimbia, sijui inamukimbia nani." Hatujamaliza kucheka, bomu likaanguka upande wa mji wa Sake. Jioni kambi nzima ilijua: moyo wa Mama Marcelline unasikia vita kabla ya masikio.

Tangu nitoke kwetu Masisi bila mume na bila ng'ombe, hakuna aliyekuwa ameniuliza nimeamkaje. Sasa waliniuliza kila asubuhi. Henriette alihamisha mkeka wake na watoto wake akaja kulala ubavuni pangu. Muzee Grégoire naye alipita na fimbo yake.

"Mama Marcelline, moyo inasema nini leo?"

"Inasema usioe tena, muzee. Utatufia harusini."

Lakini moyo haukuacha kukimbia, hata pakiwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nilikonda huku ninakula. Mikono ilitetemeka, shingo ikavimba chini ya koo. Nikaenda mjini kwa muganga wa hospitali. Alinitoa damu, akaniambia nirudi kwa majibu.

"Mama, hii si woga," alisema niliporudi. "Mwili una askari wake wa kuulinda. Askari wako wamekosea adui. Wanaichokoza tezi ya shingoni, nayo inaukimbiza moyo mchana na usiku."

"Kumbe hata ndani yangu kuna kikundi cha silaha?"

Alicheka, kisha akaacha. "Umeze hizi dawa kila siku. Ukiacha, moyo utachoka, utakufa."

Nilirudi na vidonge nikamweleza Henriette kila kitu. Akajipiga paja. "Weye na masihara yako! Muganga wa mjini anajua nini juu ya moyo yako?" Ndiyo hasara ya mtu wa mzaha: siku akisema kweli, watu wanangoja sehemu ya kuchekea.

Nikameza. Moyo ukaanza kutembea, taratibu, kama mtu anayetoka misa. Kambi ikafurahi kuliko mimi. "Moyo yake imetulia," walisema, "vita imeisha." Wengine wakafungua mizigo waliyokuwa wameifunga.

Mchana mmoja milio ya mabomu ikaanza upya, na kila mlio ulikuwa karibu kuliko uliotangulia. Watu wa mwisho wa kambi walikuwa tayari barabarani na magodoro kichwani. Henriette alikuwa akikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Funga mizigo, tuende!"

"Moyo yako inasema nini?"

"Haisemi kitu! Iko na dawa!"

"Basi tuache sombe iive."

Nikamnyang'anya mwiko, nikaushika mkono wake nikaubandika kifuani pangu. Alitaka kucheka. Bomu likalia nyuma ya kilima, vumbi likamwagika sufuriani, watoto wakapiga kelele. Chini ya kiganja chake moyo wangu haukushtuka. Uliendelea kutembea tu.

Henriette alinitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wa wenyewe. Akauondoa mkono wake polepole. "Kumbe ni ugonjwa," alisema. "Ni maladi tu."

"Ni maladi tu, dada yangu."

Akambeba mtoto wake mdogo mgongoni, akawaita wengine, akaondoka mbio. Nilifunga vidonge vyangu katika ncha ya kitenge nikawafuata kwa nyuma.

Tulifikia katika darasa moja mjini, sote wazima. Henriette alitandika mkeka kando ya ukuta, karibu na Muzee Grégoire, kwa sababu muzee ana mkwe wake huko Sake mwenye simu, wa kumletea habari za vita. Niliwapungia mkono. Watoto walinipungia, mama yao alikuwa ananyoosha mkeka.

Mimi nilipata nafasi karibu na mlango. Ilikuwa kubwa, bila mkeka mwingine ubavuni. Niliweza kunyoosha miguu yote miwili.