Ua la Pembe ya Shuka

Kazi yangu ni kutarizi majina ya watu kwenye sare na mashuka. La kwangu sijawahi kulitarizi popote. Naitwa Yungiyungi, kama lile ua la bwawani. Wanasema jina jema hung'ara gizani; langu tangu shule limenivunia vicheko tu: "Wewe, leo bwawani umemwachia nani?" Jumatatu nikachukua fomu ya kubadilisha jina. Ila nilitaka radhi ya mama kwanza. Alikuwa amelazwa, na daktari alishatuambia tusijidanganye.

Nikampelekea yungiyungi jeupe ndani ya kopo la maji. Nilidhani ua litanirahisishia maneno.

Mama akalitazama. "Ua gani hili, mwanangu?"

"Mama! Si ndilo jina langu?"

"Silo. Lako lilikuwa jekundu, la petali tano."

Ndipo akanieleza, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu. Nilizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo wa kuenea kwenye sahani. Watoto wa aina yangu wodi ile haikuwaandika jina mpaka wiki ipite. Kadi yangu ilisema "mtoto wa kitanda cha nne". Mama akakataa katakata: mwanawe hataiaga dunia akiitwa kitanda. Akaangaza macho huku na huku. Kitu kizuri pekee mle ndani kilikuwa ua lililotariziwa kwenye pembe ya shuka langu. Akamuuliza nesi ni ua gani.

"Akasema yungiyungi. Nikamwambia, liandike."

Hasira zikanipanda, sitaficha. "Kumbe alikosea! Miaka yote hii nachekwa kwa kosa la nesi?"

"Alikosea ua," mama akasema. "Mtoto hakumkosea. Kila akipita alikuita jina lako, nawe unatikisa kidole. Wa kitanda cha tatu alizikwa bila jina, mwanangu. Mama yake hakujua amlilie nani."

Mama akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Ulikuja na neno?"

"Hapana, mama. Nilikuja kukuona."

Fomu ikabaki mkobani. Nikatoa sindano na uzi mwekundu, nikavuta pembe ya shuka lake, nikatarizi ua la petali tano. Chini yake nikaandika jina langu lote, bila kulifupisha. Mama akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, mpaka ya mwisho.