Kilo Kumi na Saba Zilizoondoka Zenyewe

Muuguzi alimwambia mwanamke avue viatu, apande mizani, asishike ukuta. Alipanda. Muuguzi akasogeza kidude cha chuma hadi mkono wa mizani ukatulia, akasoma themanini na tisa kwa sauti iliyofika benchi la mwisho, akaandika kwenye kadi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazama chini, kila mmoja akijikadiria kimoyomoyo.

Daktari alikuwa na chati ya vimo na uzito ukutani, na aliipenda kuliko wagonjwa. Mwanamke alimweleza kwamba tatizo ni mgongo. Ulianza mimba ikiwa na miezi minane, siku alipoporomoka kwenye ngazi za duka analofanyia kazi, akiwa amebeba godoro peke yake. Sasa mtoto alikuwa na miezi mitano na kilo saba, na mama yake hakuweza kuvaa hata soksi bila kuomba msaada. Daktari alisikiliza huku kidole chake kikitembea kwenye chati. Mgongo wenyewe hakuugusa.

"Uzito huo, mama," alisema. "Mgongo gani usingelalamika?"

"Daktari, niliumia kabla sijanenepa."

"Punguza kilo kumi na saba, ndipo tupige picha."

Aliandika hivyo kwenye kadi, akapiga muhuri. Yote yalichukua dakika nne, na dakika moja kati ya hizo ilikuwa ya kutafuta muhuri.

Picha ile aliihitaji kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa bosi wake. Duka liliuza magodoro ya kila aina, na lile walilojivunia zaidi liliitwa godoro la mgongo. Kanuni ya duka ilisema godoro la futi sita hubebwa na watu wawili, ila siku ile mtu wa pili alikuwa amekwenda kula, na mteja alikuwa na haraka. Kwenye daftari la ajali bosi aliandika kwamba mfanyakazi aliteleza kwa sababu ya ujauzito wake. Sasa likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha, na bosi alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi alete karatasi ya hospitali inayoonyesha ameumia, ahamishiwe kaunta. Akiikosa, angerudi kubeba kama wenzake.

"Sisi tunauza magodoro ya mgongo," bosi alimwambia kwenye simu. "Wateja wakisikia mfanyakazi wangu ana mgongo mbovu, nitauweka wapi uso wangu?"

La pili lilikuwa mtoto. Tangu binti yake alipopita kilo nne, hakuwa amemwinua kutoka kitandani hata mara moja. Mtoto akilia, yeye alikaa kwenye kiti akisubiri aletewe, kama mgeni. Hilo lilimuuma kuliko mgongo, na hakumwambia mtu, kwa kuwa mtu wa kuambiwa hakuwepo.

Nyumbani, habari ya kilo kumi na saba ilipokelewa kwa furaha. Mama mkwe, aliyekuja kusaidia kwa wiki sita na sasa alikuwa anamaliza mwezi wa tano, alisema hata yeye alikuwa ameliona jambo hilo, ila alinyamaza asije akaambiwa ana mdomo. Hakuwa amenyamaza hata siku moja.

"Mimi nimezaa sita," alisema, "na mgongo wangu sijui hata uko upande gani."

Mume alimwambia mke wake ajikaze. Alimwambia huku macho yakiwa kwenye simu, lakini alisema kwa upole, na alijiona amemaliza. Wifi alituma video ya mazoezi, ambamo msichana asiyewahi kuzaa hata wazo alilala chali, akainua miguu yote miwili mara thelathini huku akitabasamu. Mwanamke aliinua mara mbili. Alibaki sakafuni hadi saa nane mchana, na mama mkwe akapiga deki kumzunguka.

Hakukata tamaa. Alikula nusu sahani, akazunguka mtaa kila asubuhi ameshika kuta za watu, akafunga tumbo kwa kitambaa hadi pumzi ikawa ya kuomba. Wiki tatu za mateso hayo zilimpa nusu kilo.

Jumanne ya wiki ya nne alikuwa amelala kwenye sakafu ya jikoni, maana yeye muuza magodoro hakupata nafuu popote isipokuwa juu ya saruji. Hapo ndipo kilo kumi na saba zilipotoka. Zilitoka kwa utaratibu, za tumboni kwanza, kisha za mapajani, za mikononi, na mwisho zile za chini ya kidevu. Zilijikusanya kando ya jiko, zikasimama. Zikachukua gauni la ujauzito lililoanikwa dirishani, zikalivaa. Mtu aliyesimama pale alikuwa mfupi na laini, hana mfupa hata mmoja, na uso wake ulikuwa uso wa mwanamke mwenyewe siku aliyolala vizuri.

Mama mkwe aliingia kuchemsha maji.

"Shikamoo, mama," yule mtu alisema.

"Marahaba. Sogea hapo, nafungua kabati."

Jina la Kumi na Saba alilitoa mume, jioni aliporudi kutoka kazini. Alimsifu mkewe kwamba sasa amekuwa yule aliyemwoa, akamgeukia yule mwingine, akauliza kama atakuwa anakula pamoja nao. Majirani walikuja kutaka kujua alikunywa majani gani. Mwanamke aliwaambia kilo zimetoka zenyewe, wakaondoka wakisema ana roho ya choyo. Kwa wiki nzima hakuna aliyepita mlangoni pale bila kumwambia amependeza, na hakuna aliyeuliza kwa nini bado anatembea ameshika ukuta.

Aliyeuliza ni Kumi na Saba. Walikuwa wawili chumbani, wakikunja nguo za mtoto.

"Bado ni pale kushoto, chini ya mkanda wa sketi?"

"Umejuaje?"

"Dada, si nilikuwa nakaa hapo? Nilikuwa naushikilia."

Mwanamke alilia kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutaja mahali penyewe. Kisha mtoto aliamka, na Kumi na Saba akaenda akamwinua kwa mkono mmoja bila hata kuguna. Mwanamke alimshukuru, na papo hapo akamwonea wivu.

Walirudi hospitali wote watatu, kwa sababu mtoto ilibidi abebwe. Muuguzi aliwatazama, akaitazama kadi.

"Kadi ni moja?"

"Moja."

"Haya, pandeni."

Mama mmoja wa benchi la mbele aliwashikia mtoto, wakapanda mizani wote wawili. Ikasoma themanini na nane na nusu, na benchi la mwisho likajulishwa. Walipoingia kwa daktari, alitikisa kichwa kabla hawajakaa.

"Wiki nne, nusu kilo. Mama, hujajitahidi."

"Zimetoka, daktari. Ndizo hizi hapa nilizokuja nazo, na zimembeba mtoto."

Daktari alimtazama Kumi na Saba kutoka utosini hadi miguuni, akakubali kwamba kweli zimetoka. Alikuwa mtu wa haki. "Lakini kutoka ni jambo moja," alisema, "na kuja nazo hospitali ni jambo lingine." Alifikiri kidogo huku akigongagonga kalamu. Kisha njaa, au huruma, vitu ambavyo kwake vilikuja kwa saa zilezile, ilimfanya aandike kwamba picha ipigwe.

Kitanda cha mashine ya picha kilimfika mwanamke kifuani. Ngazi yake ndogo ilikuwa imepelekwa kutengenezwa mwaka uliopita. Ukutani palibandikwa tangazo: MGONJWA APANDE MWENYEWE. Mpiga picha alieleza kwa adabu kwamba haruhusiwi kumnyanyua mtu, kwa sababu wapiga picha wawili waliomtangulia waliumia mgongo. Mwanamke alijaribu kupanda mara tatu. Mara ya tatu maumivu yalimziba macho, akakaa chini akiwa ameshika mguu wa kitanda.

"Mashine inazimwa saa nne," mpiga picha alisema. "Ukiikosa leo, nafasi ni baada ya miezi mitatu. Kadi ni moja. Apande yeyote."

"Mimi sina mgongo," Kumi na Saba alisema.

"Basi hutachelewa."

Mwanamke alifikiria mwisho wa mwezi, ambao ulikuwa keshokutwa. Alifikiria kile kiti anachokalia mtoto akilia.

"Panda," alimwambia Kumi na Saba. "Ulikuwa jirani yake miezi yote hiyo. Labda kuna alama imebaki."

Kumi na Saba alimpa mpiga picha mtoto, akapanda kwa hatua moja, akalala, akatandazika vizuri kila upande. Wakaambiwa wabane pumzi. Walibana wote wawili.

Daktari aliinua picha kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mgonjwa.

"Safi kabisa," alisema. "Hakuna ufa, hakuna pingili iliyohama."

"Daktari, hapo hakuna hata pingili moja."

"Ndicho ninachokwambia, mama. Hakuna."

"Huyo si mimi. Mimi nilishindwa kupanda."

"Ukiona mgonjwa anabishana na mashine," daktari alimwambia muuguzi, "ujue amepona." Akaandika kwenye karatasi kwamba mgongo wa mwenye kadi hauna kasoro yoyote na kwamba anaweza kufanya kazi zote. Akapiga muhuri mara mbili, wa pili kwa ajili ya kumtia moyo.

Bosi aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaipenda. Aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya godoro la mgongo, wateja wajionee wenyewe afya ya watu wa duka lake. Kumi na Saba naye alipewa kazi siku hiyohiyo, ya kulala dirishani kuanzia asubuhi hadi duka linapofungwa, saa moja jioni. Alilala vizuri kwenye kila godoro aliloletewa, hata yale ya sponji iliyokauka, na watu walisimama nje kwenye lami wakimtamani. Mwanamke alirudishwa kwenye ngazi. Alipouliza nani atashika upande wa pili, aliambiwa mtu wa pili amekwenda kula.

Alipandisha magodoro mawili ya futi sita. La kwanza alilibeba kwa hasira, na hasira ilimsaidia. La pili alilibeba kwa meno. Saa kumi bosi alimruhusu aende nyumbani, kwa kuwa ana mtoto mchanga na yeye bosi ni mtu anayejali familia.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Alikuwa amelala chali katikati ya kitanda, nywele zimesimama upande mmoja, na alipomwona mama yake aliinua mikono yote miwili. Mama mkwe alikuwa kwenye kona akikunja nepi. Mwanamke alitazama mlangoni, lakini Kumi na Saba alikuwa bado amelala dirishani dukani.

"Mbebe basi," mama mkwe alisema. "Si daktari kasema u mzima?"

Mwanamke alipiga moyo konde, akainama. Alipitisha viganja chini ya makwapa ya binti yake, akavuta pumzi, akainua. Kilo saba zilikuwa nzito kweli, na zilikuwa na joto, na kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu ajifungue. Kisha mgongo ukakamata. Hakuweza kunyooka, wala hakuweza kumshusha mtoto. Alibaki amejikunja hivyo, mtoto akining'inia shubiri moja juu ya shuka, akicheka, akijaribu kumshika mama yake pua. Machozi ya mama yalimdondokea mtoto kifuani.

"Mama," alisema polepole, ili asitikisike. "Naomba unipokee."

Mama mkwe aliweka nepi chini, akaja. Akamzunguka nyuma, akamzunguka mbele, akasimama ubavuni pake na kumtazama kwa makini, mikono kiunoni.

"Kwa kweli umependeza," alisema. "Hata ukiinama, tumbo halionekani."