Kifungu cha Nne cha Tangazo la Uzio

Likizo ya Juni, mwenyekiti wa mtaa wetu pale Utemini alibandika tangazo. Uzio wa miiba marufuku, wa mabati chakavu marufuku, na minyaa iliyoelekea barabarani ikatwe. Vifungu vitatu tu.

Miwani ya Bibi ilikuwa imevunjika, akaniomba nimsomee. Nikasimama kama kiranja mkuu mbele ya paredi, nikasafisha koo. Vifungu viliisha mapema mno, na sauti yangu ilikuwa bado tamu. Nikaongeza cha nne: kati ya jirani na jirani pajengwe ukuta wa tofali, mita mbili, bila tundu lolote, hata la kupitisha salamu.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Kesho yake nikapanda basi kurudi shule, na sikusahihisha.

Kati ya Bibi na jirani yake, Bibi Evodia, palikuwa na minyaa ya miaka mingi. Kila alasiri waliketi, kila mmoja upande wake, migongo kwenye minyaa, wakichambua mlenda na kuongea Kinyaturu. Hawakuhitaji kuonana.

Desemba nikakuta ukuta. Bibi alikuwa ameketi palepale, mgongo kwenye tofali, akichambua mlenda peke yake. Kuzunguka hadi lango la jirani, miguu yake haiwezi. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsemesha kwa Kinyaturu changu cha bwenini. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa huruma.

Siku ya tatu nikakiri.

"Bibi, kile kifungu cha nne nilikitunga mimi."

"Kile cha salamu?"

"Ndiyo, Bibi."

Akaendelea kuchambua. "Nilishangaa, mume wangu. Nikasema, serikali imejuaje habari za salamu zetu."

Nikazunguka kwa Alphonce, mwana wa Evodia, aliyekisikia kifungu changu kwa Bibi, akakitii kwa tofali zake mwenyewe. Nikakiri tena. Alinitazama sana. Akasema mama yake yuko Mitundu kwa dada yake tangu Oktoba, kwa sababu hapa hakuwa na wa kuongea naye. Kisha akanipa nyundo na tindo.

Nilifanya kazi mchana kutwa, nikatoa tofali moja. Upande wa pili palikuwa na kigoda kitupu na kuku.

Bibi akasogeza kigoda chake, akaegemea kando ya tundu, akaanza kuongea. Nilielewa neno mojamoja. Hakuwa akisema na mimi.