Kimono Nyeusi ya Mitsue

Nimewavisha watu kimono miaka thelathini na moja hapa Morioka, Japani, na mtu anayenishinda ni yule asiyetulia. Asubuhi ile Marit hakutulia hata kidogo. Alikuwa ameshavaa na kuvua mara mbili, na ndoa ilikuwa saa tano.

Marit ni mama wa Kinorwe, mrefu kama mlingoti. Shiori, bibi harusi, aliishi nyumbani kwake huko Norwe mwaka mzima enzi za shule, na tangu hapo humwita mama. Mama aliyemzaa, Mitsue, alifariki miaka mitatu iliyopita.

"Nipe ile ya kijivu, dada Kinue," akaniambia kwa Kijapani chake cha kuchechemea. "Ya waalikwa. Mimi si mgeni tu?"

Nilikuwa namfunga Marit hiyo ya kijivu wakati baba yake Shiori, bwana Odajima, alipobisha hodi. Aliweka sanduku mkekani, akainamisha kichwa. "Shiori anaomba uvae hii," akasema, kisha akatoka mbio kama aliyeiba.

Ndani mlikuwa na kimono nyeusi yenye nembo tano za ukoo na korongo wa dhahabu pindoni. Wageni hawaivai hiyo. Ni ya mama wa bibi harusi. Marit alilijua hilo. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Hapana. Hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo, dada. Na mtoto kaomba."

"Itaniishia magotini!"

"Haitapanda mpaka huko. Hebu simama, unanitia kizunguzungu."

Nikamvisha. Kwa wengine kitambaa huzidi, nasi hukikunja kiunoni. Kwake hakikuzidi hata upana wa kidole. Nikavuta huku, nikashusha kule, lakini vifundo vya mikono vilibaki nje.

Ndipo akaingia Fusae, dada mkubwa wa Mitsue. Akamtazama Marit juu hadi chini.

"Kinue, umemvisha mtu au umeanika nguo mtini?"

Nikaendelea kuivuta mikono ya kimono.

"Mdogo wangu aliivaa hiyo mara moja tu. Hakuiacha ije kuvaliwa na mpita njia."

Marit alielewa kila neno. Akaanza kufungua kamba, fundo likazidi kukaza. "Anasema kweli. Nivue, haraka."

Mlango wa pili ukafunguka. Shiori alisimama pale na nguo ya ndani, uso nusu poda nusu mtupu.

"Mama mkubwa, nimeomba mimi."

"Watu watacheka, mwanangu."

"Wacheke! Mama alipokufa nilikuwa peke yangu Tokyo. Nani alipanda ndege akaja kulala na mimi wiki mbili? Wewe ulinipigia kuniuliza nguo zake zigawiwe lini."

Fusae alibadilika rangi. Akageuka, akatoka. Shiori akaangua kilio, msusi akamvuta ndani akilalamikia poda yake.

Hekaluni Marit alikalia kiti cha mama, mikono haitulii mapajani. Fusae alikuwa nyuma yake. Tulipotoka uani kupiga picha, Marit alijikunyata ili aonekane mfupi, na mkanda ukaanza kuteleza. Nikakimbia na pini zangu, lakini Fusae akanitangulia. Akalisukuma fundo juu kwa ngumi mpaka Marit akaguna.

"Simama wima. Mitsue hakuwa mtu wa kujikunyata."

"Samahani, mimi..."

"Usiniombe radhi. Tazama mbele."

Marit akanyooka, vifundo vyote viwili vya mikono nje, na picha ikapigwa hivyohivyo.

Alasiri nilipokuwa namvua, aliniuliza mara tatu kama Fusae bado ana hasira. Fusae mwenyewe akaja, akaikunja ile kimono palepale, mkunjo kwa mkunjo.

"Unaondoka lini?" akauliza bila kuinua macho.

"Keshokutwa."

"Basi kesho saa tatu tunakwenda kaburini. Vaa viatu vya maana, kuna ngazi nyingi."

Akabeba sanduku, akaenda zake. Marit akanikodolea macho. "Niende?"

"Kwani kakuuliza?"

Alikwenda. Bwana Odajima, aliyewapeleka, alinisimulia baadaye kwamba walipofika, Fusae alimkabidhi ndoo na kata, akasogea pembeni ili Marit awe wa kwanza kulimwagia maji jiwe la kaburi, kama afanyavyo ndugu wa karibu.