Mshambuliaji Asiyefunga Mabao

Bénie aliachwa nje ya kikosi Jumapili mchana, mbele ya wenzake wote, kwenye mkutano wa Zoom, akiwa amejifunga kitenge kiunoni na mwiko mkononi.

Ulikuwa mwaka 2021. Sydney nzima ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na mitaa ya magharibi ikafungwa zaidi ya kufungwa. Kule Mount Druitt alikoishi, helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na hakuna aliyetoka ila kwa kazi za lazima. Yeye alikuwa nayo: kupakia mizigo kwenye ghala huko Wetherill Park, akichomekwa kijiti puani kila baada ya siku tatu ndipo aruhusiwe kuingia. Uwanja wa barafu ulikuwa umepigwa kufuli tangu Juni. Sasa ilisemekana utafunguliwa, na timu yao ya wanawake ya hoki ya barafuni ilitakiwa kurudi na wachezaji wachache, kwa kuwa chumba cha kubadilishia nguo hakikuruhusiwa kujaa.

Kocha Muriuki, Mkenya aliyejifunza mchezo huo kwenye kijiwanja cha barafu Nairobi, aliwaonyesha jedwali. Mabao. Pasi za mabao. Mabao tuliyofungwa mchezaji fulani akiwa ndani. Kijani kwa wanaofaa, nyekundu kwa wasiofaa. Mistari kadhaa ilikuwa na wekundu; wa Bénie ulikuwa mwekundu mwanzo hadi mwisho.

"Sikizeni, sina ubaya na mtu," alisema Muriuki. "Lakini mshambuliaji ni wa kushambulia. Bénie, msimu wote hujafunga hata bao moja. Na ukiwa ndani tunafungwa sana. Namba hazina ndugu wala jirani."

Bénie akawasha maikrofoni. "Kocha, niko na ulizo. Hizo dakika nilikuwa ndani, wapinzani mbele yangu walikuwa nani?"

"Hiyo haiko kwenye jedwali."

"Haiko. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale. Tukipewa adhabu tukabaki pungufu, ulimwita nani? Wale wakali wa wapinzani wakiingia, ulimsukuma nani mgongoni, ukisema nenda?"

Watu wakatazamana kwenye vidirisha vyao. Muriuki akajikuna ndevu. "Ni wewe. Ukweli usemwe. Lakini kamati inataka namba, haitaki hadithi."

"Basi iandikie kamati kwamba Bénie amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kuitwa hafai."

Akazima kamera. Ugali ulikuwa umeshika chini. Akaupakua hivyo hivyo, akaula kwa hasira mpaka sufuria ikabaki na ukoko mtupu.

Jioni Lyse alimpigia. Lyse ndiye aliyekuwa mfungaji wao hodari, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, sasa akikaa Rooty Hill na kulea wazee kwenye nyumba yao ya matunzo. Alimwita Bénie dada kwa sababu ndiye aliyemfundisha kusimama juu ya viatu vya barafu bila kuanguka.

"Dada, usiteketeze nyumba kwa kumfukuza panya. Mpigie kocha, mwambie umekosa adabu. Tukifunguliwa, nitakupasia mimi, ufunge mawili matatu, atakurudisha."

"Mabao yako, Lyse, unayafungia wapi?"

"Pale mbele ya goli."

"Na mabeki wao wanakuwa wapi?"

Lyse alijua. Kile kisahani cheusi kinachopigwa badala ya mpira kikienda pembeni, Bénie alikifuata, na mabeki wawili walimfuata yeye, wakamgonga kwenye ubao unaozunguka uwanja hadi kofia yake ngumu ikalia. Wakati wanahangaika naye, mwenzao mwingine alikiokota, akampa Lyse aliyesimama peke yake kama bibi harusi. Lyse aliandikwa bao, yule mwingine akaandikwa pasi. Bénie alibaki na madoa ya bluu mapajani.

"Siombi msamaha kwa kazi niliyotumwa," alisema Bénie.

Lokdauni ilipoisha, hakwenda kwa Muriuki. Alipanda treni, akabadilisha, akapanda basi, mpaka upande wa pili wa jiji, kwenye timu iliyokuwa mkiani. Kocha wao, mama wa Kiaustralia mwenye sauti ya kukwaruza, hakumuuliza alifunga mangapi. Alimwambia aingie acheze. Kwa muda mrefu yule mama hakutazama kisahani kilikokwenda. Alimtazama Bénie: anageuka lini, anamziba nani, anarudi nyuma kwa kasi gani akiwa amechoka.

"Nitakuchezesha sana," alisema mwishowe. "Utanichukia."

"Nichezeshe," akajibu Bénie.

Mwezi uliofuata timu hizo mbili zikakutana. Kila Lyse alipoingia, Bénie naye aliingia. Alimganda kama kupe. Lyse akienda kushoto, yupo. Akirudi katikati, yupo. Hatimaye Lyse akampiga kwa gongo la hoki kwenye kifundo cha mguu, mwamuzi asione.

"Niachie nafasi, dada!"

"Nafasi kaombe kwa kocha wako."

Lyse alipata bao moja, Bénie alipokuwa benchi akihema. Lakini timu ya mkiani ilikuwa imeshafunga mawili, na dakika ya mwisho Muriuki akamtoa kipa ili aongeze mshambuliaji. Goli likabaki tupu. Kisahani kikaruka, kikamwangukia Bénie miguuni, mbali kidogo na goli, mabeki wawili wakiwa njiani. Wenzake wakapiga kelele: piga! Lingekuwa bao lake la kwanza mwaka mzima, mbele ya Muriuki. Akamtupia jicho kocha; akikosa, mabeki wangekiokota wakasawazishe. Kisha akakipeleka kisahani pembeni, akakibana ubaoni kwa mwili wake, akagongwa, akagongwa tena, akakibana mpaka kengele ya kumaliza mchezo ikalia, mawili kwa moja.

Muriuki alimfuata karibu na mlango, akampa kiwiko, salamu ya enzi hiyo ya korona. Uso ulimshuka.

"Leo nimekuangalia wewe tu. Rudi kwetu. Nitaongea na kamati."

"Utawaambia nini? Leo pia nimefunga sifuri."

"Nitawaambia nimeona kwa macho yangu."

"Waambie, kocha. Na wale wengine uliowaacha pamoja na mimi, nenda ukawatazame hivyo hivyo. Mimi niko na timu."

Muriuki akarudi kwa wachezaji wake.

Lyse alipita bila kumsalimu, na akamnunia hadi karibu na Krismasi. Iliuma kuliko kifundo cha mguu. Bénie hakumkimbilia. Wenzake wapya walikuwa wakimwita aje wapige picha, wakimwachia pengo mwisho wa mstari. Akachechemea mpaka kwao, akawapenya, akasimama katikati.