Majibu ya Kila Asubuhi

Nilichanganyikiwa kabisa. Kwenye skrini ya kliniki yetu ya afya ya akili, mstari wa hali ya mgonjwa wangu, fundi cherehani, ulikuwa umeporomoka hadi chini, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, mashavu yamejaa, akinitania kwamba sare yangu imeshonwa na adui.

Programu inayochora mstari ule tuliletewa na wakubwa. Kila asubuhi inamuuliza mgonjwa kwenye simu: umelala, umekula, unatamani kuendelea kuishi? Akijibu, sisi wauguzi tunaona. Mimi niliinunia tangu mwanzo, lakini daktari alisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Dada, leo umejibu kwamba hutamani kuamka tena."

"Mimi? Nimeamka naimba. Muulize mume wangu, yuko hapo nje."

Daktari akanivuta pembeni. Wagonjwa huficha, akasema, tumwongezee dawa. Nikabaki njia panda. Dawa ile ikizidi, mikono hutetemeka, na mikono yake ndiyo inayolisha watoto. Lakini nikiidharau mashine, halafu ikawa kweli, nitaweka wapi uso wangu?

"Hebu nioneshe unavyojibu," nikamwambia.

"Kujibu nini? Simu tunayo moja, anakaa nayo baba watoto. Nilimwambia hayo maswali ya hospitali ayamalize yeye, tusije tukanyimwa dawa."

Nikatoka.

Mume alikuwa kwenye benchi, mkoba wa mkewe kando yake. Hajakosa kumsindikiza hata mara moja, na kwa vichekesho vyake tulikuwa tunamwita Mchekeshaji.

"Nesi, mmeshamchoka mgonjwa wangu?"

"Shemeji, yale maswali ya asubuhi unamjibia wewe?"

Tabasamu likamkauka. Akautazama mlango, akashusha sauti.

"Mwanzoni nilikuwa namjibia yeye. Akilala vizuri, naandika vizuri."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi yeye amepona. Lakini simu bado inauliza." Akaupapasa ule mkoba. "Hakuna mwingine anayeniuliza, nesi. Usimwambie."

Miezi yote hiyo nilikuwa nampita pale mlangoni, nacheka, naenda zangu. Niliona aibu. Nikausogeza mkoba, nikakaa karibu naye.

"Umelala?" nikamuuliza.

Alifungua mdomo atanie, kama kawaida yake. Akalia.